Wanaokataa dawa ndani ya mahindi hawapingi dawa

Mwaka 2002 huko Nebraska, Marekani, wakaguzi wa Wizara ya Kilimo walikuta mahindi yamejiotea katikati ya shamba la soya. Yalikuwa maotea ya msimu uliotangulia. Kampuni ya ProdiGene ya Texas ilikuwa imeyabadilisha vinasaba ili punje zake zitengeneze chanjo ya kuhara kwa nguruwe. Kampuni iliagizwa iyaondoe. Soya ikavunwa mabua yakiwa bado yamo, ikapelekwa ghalani na kumwagwa juu ya soya nyingine.

Mzigo uliotoka shambani pale ulikuwa busheli 500 hivi. Uliochanganyika nao ghalani ulifika busheli 500,000. Kwa magunia ya kilo 100 tunayoyajua sisi, magunia 136 yalitia doa magunia 136,000, na yote yakalazimika kuteketezwa. Kampuni ilitozwa faini ya dola 250,000, na bili ya kununua na kuharibu soya ile ikakaribia dola milioni 3. Mwaka huohuo, Iowa, ekari 155 za mahindi ya majirani ziling'olewa na kuchomwa kwa hofu kwamba chavua ya mahindi ya dawa ilikuwa imewafikia.

Maofisa walisema hakuna kilichomfikia mlaji. Nakubali. Ninachorudia kukiwaza ni ule uwiano wa moja kwa elfu, na kwamba yalitokea katika nchi yenye wakaguzi, magari, maabara na mashamba yaliyochorwa kwenye ramani.

Naandika haya kwa sababu mjadala wa mazao ya dawa, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba ili itoe dawa, umezoea kuwaweka watu katika makapu mawili. Anayesema "msitie dawa kwenye mahindi" hutupwa kapu moja na anayekataa chanjo na anayeogopa maabara. Hapo anaonewa. Ukimsikiliza hadi mwisho, utakuta anazungumzia gunia, mashine ya kusaga na mbegu ya mwaka kesho.

Watetezi wana hoja nzito. Insulini nyingi leo hutengenezwa na bakteria au hamira ndani ya matangi ya chuma, na kiwanda cha namna hiyo ni mamilioni ya dola kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Shamba ni rahisi zaidi. Punje kavu huitunza protini muda mrefu bila jokofu, na virusi vya mimea havimuambukizi binadamu, tofauti na hatari inayobidi kuchungwa pale dawa inapotengenezwa katika seli za wanyama.

Tena kuna mfano mmoja unaougusa moyo wa mzazi yeyote. Ventria Bioscience, kampuni ya Marekani, ilibadilisha mpunga ili utoe protini mbili zinazopatikana katika maziwa ya mama, laktoferini na lisozimu. Zilipotiwa kwenye ORS na kujaribiwa kwa watoto wenye kuhara nchini Peru, kuhara kuliisha kwa wastani wa siku 3.67, badala ya siku 5.21 kwa waliopewa ORS tupu. Kwa mtoto aliyeishiwa maji, siku moja na nusu ni kubwa mno.

Mpunga huohuo ulipokusudiwa kupandwa Missouri mwaka 2005, kampuni ya bia ya Anheuser-Busch, mnunuzi mkubwa wa mchele, ilitishia kutonunua tena mchele wa jimbo lile. Wengine waliona ni ubinafsi wa watengeneza bia kumzibia mtoto dawa. Mimi nawaelewa wakulima waliokuwa upande ule, maana soko likishahofu halimuulizi mkulima mmojammoja kama shamba lake ni safi. Kisha angalia kilichofuata. Ventria ilihamia Kansas, ambako hakuna kilimo cha biashara cha mpunga, ikalima huko. Wakataaji hawakuiua dawa. Waliisogeza mbali na sahani ya watu.

Mazao yaliyobadilishwa kwa ajili ya viwanda yanaeleza jambo hili vizuri kuliko hata yale ya dawa. Februari 2011 Marekani iliruhusu mahindi ya kampuni ya mbegu ya Syngenta yaitwayo Enogen yalimwe bila masharti ya mazao ya majaribio. Punje zake zina kimeng'enya cha amilasi kinachovunja wanga kwenye joto kali, kitu kizuri kwa viwanda vya ethanoli, pombe itumiwayo kama mafuta ya magari. Waliopiga kelele walikuwa wasagaji wa nafaka, watu wasio na ugomvi wowote na sayansi. Walisema punje moja ya Enogen katika punje 10,000 inaweza kutosha kuharibu unga. Nimeipigia hesabu ya kwetu. Gunia la kilo 100 lina punje laki tatu na kitu, kwa hiyo punje 30 hivi, zisizojaza hata kiganja cha mtoto, zingetosha kulitia gunia zima kasoro. Kimeng'enya kile hakina sumu, lakini kazi yake ni kuulegeza wanga ukipashwa moto, na ugali ni nini kama si wanga uliopashwa moto hadi ukashika? Anayeambiwa "ni salama" hapo hajajibiwa alichouliza.

Itasemwa kwamba tukifunga mlango wa shamba tunajinyima wingi. Mwaka 2014, Ebola ilipoitikisa Afrika Magharibi, dawa ya ZMapp ilizalishwa ndani ya majengo huko Owensboro, Kentucky, katika mmea wa jamii ya tumbaku. Watu wachache tu waliipata, na kufikia Agosti akiba ilikuwa imekwisha huku wagonjwa wakiendelea kufa. Hoja hiyo inauma, na sitaikwepa. Ila mmea ule hukua kwa wiki chache. Kazi ndefu na ghali ya dawa za aina hii huanzia kwenye kuichuja na kuisafisha protini, na hiyo hufanyika kiwandani hata kama jani limetoka kwenye ekari elfu. Isitoshe, ZMapp ilipopimwa Kongo mwaka 2018 na 2019 pamoja na dawa nyingine tatu, karibu nusu ya waliopewa walifariki, wakati dawa mbili zilizofanya vizuri zilikuwa kwenye theluthi hivi.

Njia ya kuzalisha ndani ya majengo pia imeshatoa dawa halali. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha Elelyso, dawa ya Gaucher, ugonjwa adimu wa kurithi, iliyobuniwa na kampuni ya Protalix ya Israel. Hutengenezwa na seli za karoti zinazokuzwa katika mifuko ya plastiki, bila chavua wala maotea. Bei yake kwa mgonjwa mmoja ilizidi dola 100,000 kwa mwaka, na wanaotuahidi dawa rahisi kwa sababu tu imetoka kwenye mmea wangefaa kutueleza kwa nini karoti haikutosha kuishusha.

Baada ya Nebraska, masharti yalikazwa mwaka 2003. Mahindi ya dawa yanayochavusha kwa upepo yakae angalau maili moja kutoka mahindi mengine, na wakaguzi waje mara saba, mara mbili kati ya hizo katika msimu unaofuata. Maili moja ni kilomita 1.6. Ukichora duara linalofika umbali huo kila upande wa shamba moja dogo, unapata ekari kama 2,000 zisizo na bua la hindi la mtu mwingine. Nenda Trans Nzoia, Kenya, au Mbozi, Tanzania, ambako ekari mbili tatu ndizo za familia nzima na mbegu ya mwaka kesho mara nyingi inaning'inia jikoni juu ya moshi, kisha uhesabu ni kaya ngapi zingeambiwa mwaka huu zisipande.