Hal Smith na Dhuluma ya Kumbukumbu

Kila tarehe 13 Oktoba, mashabiki wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates hukusanyika kando ya kipande cha ukuta wa matofali katika mtaa wa Oakland, mjini Pittsburgh, wakawasha kanda ya matangazo ya redio ya mwaka 1960 na kuisikiliza mechi tangu mwanzo kana kwamba hawajui itakavyokwisha. Ukuta huo ni mabaki ya Forbes Field, uwanja wa zamani wa timu yao uliovunjwa miaka mingi iliyopita. Wanachokingojea ni pigo la Bill Mazeroski la saa tisa na dakika 36 alasiri, lililompita juu Yogi Berra wa New York Yankees, likavuka ukuta na kuwapa Pirates ushindi wa 10 kwa 9 katika mechi ya saba na ya mwisho ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya Marekani, ambayo bingwa wake ni anayetangulia kushinda mechi nne.

Kwa msomaji ambaye besiboli si mchezo wake, homurani ni pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio ndani ya mipaka halali, likampa mpigaji pamoja na wenzake waliokwisha kufika vituoni ruhusa ya kuzunguka hadi kituo cha nyumbani bila kusumbuliwa na mtu, na kila anayefika huhesabiwa pointi moja. Mechi ina awamu tisa, na zaidi ikiwa bado ni sare, na katika kila awamu timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe. Hayo yanatosha kuufuata ubishi huu, ambao mashabiki wa besiboli huurudia kila mwaka kama sisi tunavyorudia vijiweni mabao ya watani wa jadi: ni homurani ipi ya kukumbukwa kuliko zote katika historia ya timu fulani?

Kwa Pirates watu husema mjadala umefungwa, nami ndipo ninapokataa. Sina ugomvi na Mazeroski. Alikuwa mlinzi wa kituo cha pili mwenye mikono myepesi ajabu, na homurani yake ilikuwa ya kwanza kuimaliza World Series katika mechi ya saba. Lakini awamu moja kabla yake, Pirates walikuwa nyuma kwa pointi 7 dhidi ya 6, wawili wao wameshatolewa, na aliyesimama na gongo alikuwa Hal Smith, mdakaji wa akiba aliyeingizwa mechini awamu hiyohiyo. Wenzake wawili walikuwa vituoni. Smith alimpiga mrushaji wa Yankees, Jim Coates, homurani ya pointi tatu, na ubao ukasoma 9 kwa 7. Yankees walizirudisha pointi mbili katika awamu ya tisa, na kwa sababu hiyo tu Mazeroski akapata nafasi ya kuwa Mazeroski.

Tupime mizani ya vitendo hivi viwili. Mazeroski alipiga timu zikiwa sare na hakuna mtu wa Pirates aliyekwisha kutolewa katika awamu hiyo. Angekosa, mechi ingeendelea na wenyeji bado wangekuwa na nafasi nzuri. Smith alipiga timu yake ikiwa nyuma, na angekosa, Pirates wangebakiwa na awamu moja ya kuwafukuzia Yankees, timu ambayo katika fainali ile ilishinda mechi zake tatu kwa 16 kwa 3, 10 kwa 0 na 12 kwa 0. Hesabu za uwezekano wa ushindi, ambazo siku hizi hufanywa kwa kila pigo, humweka Smith mbele ya Mazeroski kwa mbali. Hata hivyo Mazeroski ana sanamu nje ya uwanja wa sasa wa Pirates, na Smith ana aya moja katika masimulizi ya mtu mwingine.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi za kufanya, na jibu nililolipata ni kwamba kumbukumbu ya mashabiki haishiki mpira, bali hushika mwili wa aliyeupiga. Itazame sanamu ya Mazeroski: hapigi. Anakimbia, kofia mkononi, kama mtoto aliyetumwa dukani akaokota noti njiani. Smith naye alizunguka vituo kama mtu aliyetimiza wajibu wake, akijua kwamba mechi haijaisha, na macho ya watu hayakupata pa kushika.

Picha zenyewe zina kisa chake. Kwa miongo kadhaa iliaminika kwamba filamu ya mechi ile nzima haipo, kwa kuwa vituo vya televisheni wakati ule havikuwa na desturi ya kuhifadhi. Ilipatikana mwaka 2009 katika sehemu ya kuhifadhia mvinyo ya nyumba ya marehemu Bing Crosby, mwimbaji aliyekuwa mmoja wa wenye hisa wa Pirates, ambaye kwa woga alikuwa ameondoka kwenda Paris siku za fainali na kuagiza mechi irekodiwe. Kwa karibu miaka 50, kwa hiyo, watu wa Pittsburgh waliishi na vipande vichache, na karibu vyote vilikuwa vya Mazeroski akikimbia. Smith alikosa mwendo wa kuvutia, kisha akakosa na filamu.

Boston wanaithibitisha hoja yangu kwa njia ya kushangaza zaidi. Waulize mashabiki wa Red Sox wenye umri mkubwa nao watakutajia Carlton Fisk, mechi ya sita ya fainali ya mwaka 1975 dhidi ya Cincinnati Reds, awamu ya 12, usiku wa manane umeshapita. Mpira ulipaa kuelekea kushoto, ukiambaa na mpaka, na haikujulikana kama ungeanguka ndani au nje. Fisk hakukimbia. Alisogea kwa kurukaruka ubavu kando ya mstari huku akiupungia mpira mikono yote miwili kuelekea ndani, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama dereva anayemwelekeza mwenzake kurudisha lori nyuma, mpaka ukagonga mlingoti wa mpaka, na hilo kisheria ni homurani. Husimuliwa kwamba mpiga picha aliyekuwa ndani ya ukuta wa kushoto alipaswa kuufuata mpira, lakini panya aliyekuwa karibu na mguu wake akamfanya aiache kamera imemwelekea Fisk. Kama ni kweli, basi kumbukumbu ya mji mzima ina deni kwa panya.

Kinachosahaulika ni kwamba Red Sox walifungwa kesho yake, 4 kwa 3, wakaukosa ubingwa ambao hawakuwa wameupata tangu mwaka 1918. Pigo la Fisk halikuwapa kombe. Liliwapa usiku mmoja zaidi. Sasa lilinganishe na la David Ortiz la Oktoba 2004. Red Sox walikuwa wameshafungwa na Yankees mechi tatu mfululizo za nusu fainali, ya tatu kwa 19 kwa 8, na katika ligi kuu hapakuwa na timu iliyowahi kuinuka kutoka shimo hilo. Katika mechi ya nne Ortiz alipiga homurani ya pointi mbili katika awamu ya 12, saa saba na ushei usiku, na tangu hapo Boston hawakufungwa tena mwaka ule. Walishinda mechi nane mfululizo na kuumaliza ukame wa miaka 86.

Kwa kipimo chochote cha akili, la Ortiz lingepaswa kuwa juu ya la Fisk. Lakini zungumza na watu kuhusu usiku ule, utasikia kwanza habari za Dave Roberts, ambaye katika awamu ya tisa aliiba kituo cha pili, yaani alikikimbilia bila kungoja mpira upigwe, mbele ya uso wa Mariano Rivera, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, na kufunga pointi ya kusawazisha. Mwili uliokumbukwa ni ule ulioruka vumbini, mkono mbele, ukakigusa kituo nukta moja kabla ya glavu kushuka. Mimi binafsi ningempa Ortiz nafasi ya kwanza, na najua kwamba Boston ningezomewa.

Toronto hawana la kubishania, kwani Joe Carter aliimaliza fainali ya mwaka 1993 kwa homurani ya pointi tatu dhidi ya Philadelphia Phillies, akazunguka akirukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na katika historia ya timu yao hakuna kinachoikaribia. Giants nao wana Bobby Thomson wa mwaka 1951, pigo lililowanyima Brooklyn Dodgers ubingwa wa kanda yao. Mwaka 2001 zilichapishwa habari kwamba msimu ule Giants walikuwa wakitumia darubini kuiba ishara za wapinzani, ingawa Thomson alikana kwamba alijua mpira gani unakuja. Ninachopenda katika kisa hicho si Thomson, bali ni Jackie Robinson wa Dodgers: wenzake walipokuwa wakiondoka uwanjani vichwa chini, yeye alibaki amesimama akimtazama Thomson kuhakikisha kwamba amekikanyaga kila kituo. Kuna heshima katika kushindwa kwa namna hiyo.

Dodgers walihamia Los Angeles, na huko ubishi bado ni wa moto. Kwa miaka 36 jibu lilikuwa Kirk Gibson, mechi ya kwanza ya fainali ya mwaka 1988. Aliumia miguu yote miwili, hakupangwa, na katika awamu ya tisa, wawili wameshatolewa na Oakland Athletics wakiongoza 4 kwa 3, akachechemea kutoka chumba cha kubadilishia nguo kwenda kumkabili Dennis Eckersley. Alipiga karibu kwa nguvu za mikono peke yake, miguu haikusaidia kitu, na mpira ukatua majukwaa ya kulia. Ukiangalia picha ile kwa makini utaona, nyuma ya majukwaa, taa nyekundu za gari lililokuwa likiondoka zikiwaka ghafla: dereva amekanyaga breki. Sijui shabiki mwingine ninayemhurumia kuliko huyo.

Kisha ikaja Oktoba 2024. Fainali huanza kwetu saa tisa usiku, na Jumamosi ile nilikuwa Dar es Salaam na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, sauti imepunguzwa ili nisiiamshe nyumba, kunguru wameshaanza kelele nje. Awamu ya 10, Yankees wakiongoza 3 kwa 2, wawili wametolewa. Yankees walimpa Mookie Betts kituo cha kwanza kwa makusudi, vituo vikajaa, ili wamkabili Freddie Freeman ambaye kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeteguka mwezi uliopita. Freeman aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa na Nestor Cortes, ukaenda majukwaa yaleyale ya kulia, na akaliinua gongo juu kwa mkono mmoja, akabaki amelishikilia hivyo huku anaanza kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya World Series kwa homurani ya pointi nne kuimaliza mechi. Baada ya kukigusa kituo cha nyumbani alikimbia moja kwa moja hadi kwenye wavu wa majukwaa alikokuwa baba yake.

Wenye ujana husema Freeman, na hoja zao ni nzuri: pointi nne dhidi ya mbili, na aliendelea kucheza hadi akawa mchezaji bora wa fainali, ilhali Gibson hakupiga tena hata mara moja katika fainali yake. Mimi nabaki na Gibson, na sababu ni ileile. Freeman aliumia lakini alionekana mzima. Gibson alipokuwa akizunguka kituo cha pili, akivuta ngumi nyuma kama anayewasha jenereta kwa kamba, kila hatua ilionyesha gharama yake, na mtazamaji aliilipa pamoja naye.

Kanuni yangu ina kisa kimoja kinachoisumbua, nacho ni cha Atlanta. Tarehe 8 Aprili 1974 Hank Aaron wa Braves alimpiga Al Downing homurani yake ya 715, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Mechi ilikuwa ya kawaida ya mwanzo wa msimu, haikuamua lolote. Kwa miezi mingi kabla yake Aaron alikuwa amepokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu alikuwa Mweusi anayeikaribia rekodi ya mzungu, na alilindwa na polisi. Alipopiga, hakuruka wala hakupunga. Aliinamisha uso kidogo, akakimbia mwendo wake uleule wa kila siku. Vijana wawili waliruka uzio na kukimbia kando yake wakimpigapiga begani kwa furaha, na kwa nukta chache hakuna aliyejua wamekuja kufanya nini. Pale kwenye kituo cha nyumbani mama yake alimkumbatia shingoni na hakumwachia. Huo ni mwili uliokataa kuonyesha chochote, na bado haumtoki mtu akiisha kuuona.

Mashabiki wa Braves wanaohesabu makombe hutaja la David Justice, lililoleta pointi pekee ya mechi ya sita mwaka 1995 na kuipa Atlanta ubingwa wake wa kwanza. Aaron mwenyewe alikuwa akilipenda zaidi pigo lake la Septemba 1957, timu ilipokuwa bado Milwaukee, lililowapa ubingwa wa kanda katika awamu ya 11 na kumfanya abebwe mabegani na wenzake. Uwanja wa Atlanta aliopigia ile ya 715 ulivunjwa na mahali pake pakageuzwa maegesho ya magari. Lakini katika maegesho hayo waliacha kipande cha uzio kimesimama, na juu yake namba 715, mahali mpira ulipopita.