Korti ya Zamani ya Mombasa: ofisi hadi lini?

Ukisimama nje ya Fort Jesus na kuelekeza uso Barabara ya Nkrumah, hatua chache tu mbele yako lipo jengo ambalo watalii wengi hulipita mbio wakikimbilia teksi. Hiyo ndiyo Korti ya Zamani, iliyojengwa mwaka 1902. Mahakama zilikwisha hama kitambo, na sasa linatumiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa ofisi, maktaba na ukumbi wa maonyesho.

Tazama lilipowekwa. Mwaka 1895 Uingereza ilishika utawala wa pwani, na ngome ya Fort Jesus ikageuzwa jela, ikabaki jela mpaka 1958. Korti ikajengwa ubavuni mwake. Aliyehukumiwa kifungo hakuwa na mwendo mrefu. Na juu ya jela hiyo ikipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, ambaye kisheria ukanda wa pwani ulikuwa bado wake na alikuwa akilipwa kodi kwa ajili yake. Wenye hukumu ni wengine, mwenye bendera mwingine, na mfungwa ni wa hapa hapa. Sijui mahali pengine mjini ambapo ukoloni wa pwani unaonekana wazi hivyo kwa kugeuza shingo tu.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na nyumba ya mkoloni. Si swali la kipuuzi. Sanamu ya William Mackinnon, mkuu wa kampuni iliyotawala kabla ya serikali ya Uingereza, iliondolewa Treasury Square baada ya uhuru ikapelekwa Scotland, na sijapata kusikia mtu wa Mvita akiililia. Ila sanamu ilikuwa ya kumtukuza mtu mmoja. Korti ilipitiwa na wenyeji wenyewe, wengine wakidai, wengine wakidaiwa. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, iliyotaka kila anayedai ardhi ya pwani aisajili, na isiyodaiwa ikawa ya serikali, ambayo machungu yake Pwani inayaonja hadi leo, ilikuja jengo hili lina miaka 6.

Ubishi mgumu zaidi ni wa matumizi. Anayetetea ofisi ana hoja nzito: nyumba yenye watu huangaliwa. Paa likivuja juu ya faili, fundi huitwa siku hiyo hiyo. Nyumba tupu hufa kimya kimya, na Mji wa Kale una magofu ya kutosha kulithibitisha hilo.

Lakini ofisi nazo zina maradhi yake. Huja na viyoyozi vinavyotobolewa ukutani, nyaya, mbao za kugawa vyumba, na haraka ya kumaliza bajeti. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Ukizipiga lipu ya simiti au rangi ya plastiki, maji hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu michache ukuta unabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Ndiyo maana mwaka 2018, kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, suala langu halikuwa rangi gani, bali rangi ya aina gani. (Buluu yenyewe, kusema kweli, nimeshaizoea.)

Tena kuna mwananchi wa kawaida. Akiona meza na karani mlangoni, hudhani lazima awe na shida ndipo aingie. Jengo ni la umma, lakini umma hauna habari nalo.

Mimi ningeziacha ofisi. Ningedai vitu viwili tu: ukarabati wa chokaa unaosimamiwa na fundi anayeijua chokaa, na chumba kimoja kirudishiwe sura ya korti, chenye kizimba, meza ya hakimu na maelezo ya Kiswahili ukutani kuhusu ile sheria ya 1908. Mgeni aliyetoka ngomeni kutazama palipokuwa jela aonyeshwe na mlango wa pili, wafungwa walikopitia kwanza.