El Adde: ripoti ambayo ilipaswa kuvuka mpaka

Juni 2015, kambi ya Warundi huko Leego, Somalia. Septemba mosi mwaka huohuo, kambi ya Waganda Janaale. Alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016, kambi ya Wakenya El Adde, mkoa wa Gedo. Ndani ya miezi saba Al-Shabaab walivamia kambi za majeshi matatu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, kwa mtindo uleule: gari la vilipuzi kwanza, kisha wapiganaji wengi kwa mkupuo. El Adde haikuwa ajali. Onyo lilikuwa limeshatolewa mara mbili, tena kwa damu.

Inaudhi kuona mjadala ukiishia kila mara kwenye ujasiri wa askari. Kombania moja, yaani kundi la askari mia moja na kitu, iliyotupwa nyikani haiokolewi na ujasiri peke yake. Samson Mwathethe, Mkuu wa Majeshi wa Kenya wakati huo, alisema bomu la El Adde lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998. Mlipuko wa namna hiyo hutoboa ukuta, na zaidi ya hapo huwapumbaza walinzi: masikio yanaziba, vumbi linatanda, antena inaanguka. Ikiwa redio, hema la kamanda na ghala la risasi vimerundikwa pamoja katikati ya kambi, pigo moja linatosha kuinyamazisha yote.

Kinga yake inajulikana. Lango lipindwe kwa vizuizi vinavyopishana ili lori lisipate kasi. Nje ya ukuta lichimbwe handaki la kukwamisha magari. Vichaka vifyekwe mpaka mlinzi aone mbali, na mahema ya kulala yakae nyuma ya vikapu vya waya vilivyojazwa udongo. Redio ya pili iwe kwenye shimo lake, mbali na ile ya kwanza. Tena kombania mpya isikabidhiwe kambi haraka haraka: wageni hawajui sauti za usiku za pale, wala hawajui mwanakijiji yupi amehama ghafla. Askari wa El Adde walikuwa hawajakaa pale muda mrefu.

Ila hata kambi iliyojengwa vizuri inanunua saa chache tu. Baada ya hapo lazima msaada ufike, na hapo ndipo muungano ulipovuja. Azimio 2036 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Februari 2012, liliruhusu helikopta 12, tatu kati yake za mashambulizi. Agosti mwaka huo Uganda ilipoteza helikopta tatu za mashambulizi aina ya Mi-24 kwenye Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia. El Adde ilipovamiwa, miaka karibu minne baada ya azimio lile, AMISOM ilikuwa bado haina helikopta zake za mashambulizi. Kamanda wa AMISOM alikaa Mogadishu, lakini amri zilizotiiwa zilitoka Nairobi, Kampala, Bujumbura na Addis Ababa. Jirani mwenye bendera nyingine hakulazimika kuja.

Usiri nao unaua, kwa kuwa jeshi moja halijifunzi kutokana na kipigo cha jingine. Serikali ya Kenya hadi leo haijatangaza idadi kamili ya waliofariki El Adde. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200, Nairobi ikakanusha, na familia zikabaki na uvumi. Kambi ya Uganda ya Buulo Mareer, Somalia, ilipovamiwa 26 Mei 2023, Rais Museveni alitaja 54 baada ya wiki moja hivi, na akakiri hadharani kwamba makamanda wawili walikosea kuamuru askari warudi nyuma. Ilimuuma kusema, lakini alisema.

Bunge la Kenya liidai ripoti ya jeshi kuhusu kilichotokea El Adde. Siri za kivita zifutwe kwa wino mweusi, yaliyobaki yachapishwe, na nakala kamili ipewe kila jeshi lenye askari Somalia. Luteni anayepelekwa leo kushika kambi Shabelle ya Chini anapaswa kuisoma kabla hajapanda ndege.