Nguvu ya Roma Ilitoka kwa Wale Iliowashinda

Tukizungumzia dola ya Roma, majina huwa yale yale: Julius Caesar, Augusto, Trajan. Na ramani huwa ile ya mwaka 117 B.K., mamlaka yake yalipotanda kutoka Uingereza hadi Mesopotamia. Kwa maoni yangu, hapo tunaanza kusoma habari hii kutoka ukurasa wa mwisho. Caesar alipoivamia Galia (Ufaransa ya leo) mwaka 58 K.K., Karthago, dola hasimu ya Afrika Kaskazini, ilikuwa imekwisha kuteketezwa, Makedonia ilikuwa jimbo, na sehemu kubwa ya Uhispania ilikuwa chini ya magavana wa Kirumi. Kazi iliyowezesha yote hayo ilifanyika zamani zaidi, ndani ya Italia, na mwaka ambao ningependa tuujue zaidi ni 338 K.K.

Mwaka huo Roma iliwashinda Walatini, majirani zake wa lugha moja, waliokuwa washirika wake kisha wakaasi. Mshindi wa zama zile alikuwa na njia zilizozoeleka: kuua wanaume, kuuza wanawake na watoto utumwani, au kutoza kodi ya kila mwaka. Roma yenyewe iliwahi kuuangamiza mji wa Veii mwaka 396 K.K., tena Veii ulikuwa jirani wa karibu kabisa. Safari hii Seneti iliamua kila mji ushughulikiwe peke yake. Lanuvium na Aricia ilipewa uraia kamili wa Roma. Tibur na Praeneste ilinyang'anywa sehemu ya ardhi yake lakini ikaachiwa serikali zake. Capua, mji mkubwa wa Campania, ulipewa uraia usio na haki ya kupiga kura. Antium ulipokonywa manowari zake, na ncha za shaba za meli hizo zikapachikwa kwenye jukwaa la wahutubu katikati ya Roma. Miji mingine ya Kilatini ilikatazwa kuoleana, kufanya biashara na kukutana kwa mabaraza yenyewe kwa yenyewe.

Wengi husema hii ni gawanya utawale, na ni kweli, lakini naona hiyo ni nusu tu ya jambo. Kugawanya watu huwazuia wasiungane dhidi yako, lakini hakukupi nguvu mpya. Nguvu ilitokana na kile Roma ilichodai. Miji iliyopewa uraia ilitoa vijana wa kuingia katika majeshi ya Roma yenyewe. Iliyobaki kuwa washirika haikutozwa kodi ya kila mwaka. Ilitakiwa kuleta vikosi vyake, ikivilipa yenyewe, kila Roma ilipoita. Roma ikishinda vita, washirika nao walipata fungu la nyara, na Walatini waliweza kupewa mashamba katika makoloni mapya yaliyojengwa kwenye ardhi ya walioshindwa, kama Venusia mwaka 291 K.K. Aliyeshindwa jana akawa na faida katika ushindi wa kesho.

Utaratibu huo ulikuwa na jambo la hatari ndani yake. Anayekulipa kodi anakufaa hata wakati wa amani. Anayekulipa kwa askari anakufaa vitani tu. Ndiyo maana siwaamini wanaosema Roma ilijikuta ikipigana kila mara kwa kujilinda. Karibu kila mwaka makonsuli, viongozi wakuu wa Roma, walitoka na majeshi, kwa sababu mfumo mzima ulitaka kazi.

Hannibal, jemadari wa Karthago, aliuelewa mfumo huu kuliko adui mwingine yeyote. Alipoingia Italia mwaka 218 K.K. aliwaachia huru mateka wa washirika bila fidia, akiwaambia amekuja kupigana na Roma, si na wao. Tarehe 2 Agosti 216 K.K., huko Cannae, kusini mwa Italia, aliua makumi ya maelfu ya Warumi na washirika wao kwa siku moja. Dola nyingine yoyote ya wakati ule ingeomba amani. Capua uliasi, na miji mingi ya kusini ikaufuata. Makoloni ya Kilatini hayakuasi. Mwaka 209 K.K. 12 kati ya makoloni hayo 30 yalisema hayana tena vijana wala fedha za kutoa, lakini 18 yaliendelea kutoa. Mimi naona Roma iliokolewa na hayo 18 kabla ya kuokolewa na jemadari yeyote. Mwanahistoria Polybius aliandika kwamba miaka michache kabla ya vita hivyo Roma na washirika wake walihesabu wanaume zaidi ya 700,000 wa kupigana kwa miguu na 70,000 wa farasi. Hannibal hakuwa na mahali pa kupata hesabu kama hiyo.

Mfalme Philip wa Tano wa Makedonia naye aliliona hilo. Katika barua yake kwa watu wa Larissa, mji wa Ugiriki, iliyochongwa kwenye jiwe, aliwahimiza waongeze raia wapya, akawatolea mfano wa Warumi: hao huwapa uraia hata watumwa waliowaacha huru, na kwa njia hiyo wameikuza nchi yao.

Huu haukuwa wema, na nisingependa usomwe hivyo. Mwaka 167 K.K. Roma iliteka watu 150,000 wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na kuwafanya watumwa. Mwaka 146 K.K. iliangamiza Karthago na Korintho. Hata washirika wa Italia, waliomwaga damu kwa vizazi, walilazimika kushika silaha mwaka 91 K.K. kudai uraia, na katika sarafu zao walichora fahali akimpiga pembe mbwa mwitu wa Roma. Roma ilipigana nao, lakini kuanzia mwaka 90 K.K. ikawapa kile walichodai.

Mwaka 212 B.K. kaizari Caracalla, ambaye baba yake alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola. Cassius Dio, seneta wa wakati huo, aliandika kuwa shabaha yake ilikuwa kuongeza walipa kodi. Nikiilinganisha amri hiyo na maamuzi ya 338 K.K., naona dola iliyokuwa imeacha kuwapa raia wapya fungu la ushindi, ikabaki kuwadai tu.