Lami kwanza, au mtaro kwanza?

Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima wastani wake ni karibu milimita 600 tu. Ukimwambia hivyo mgeni, atadhani barabara za huku hazijui mafuriko. Angoje Januari, mawingu yamwagike kwa saa moja, aone korongo lililokaa kavu tangu Mei likibeba magogo.

Mtaani kwetu, upande wa Nkuhungu, kuna kalavati la bomba moja la kupitisha maji chini ya barabara. Msimu uliopita maji yaliliruka, yakala udongo wa pembeni, bomba likabaki wazi kama mfupa. Vijana wakatandika mbao mbili. Bodaboda akifika hapo anamshusha abiria kwanza, na mama mwenye mtoto mgongoni anavua kandambili kabla ya kukanyaga. Baadaye greda likaja, kifusi kikamwagwa, njia ikapendeza. Bomba likarudishwa lilelile, kipenyo kilekile.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Hizi zetu za mitaani na vijijini ni za TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, wenye mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi. Kwa hiyo yule bodaboda wa kwenye mbao anaichangia barabara kila anapojaza tenki, na ana haki ya kuuliza hela inakwenda wapi.

Ukimuuliza yeye hela ianze na lami au mtaro, atakujibu lami. Wataalamu wengine humcheka, mimi simcheki. Changarawe ya Dodoma hukaa msimu mmoja au miwili, kisha inasombwa, greda linarudi, hela inatoka upya, na kiangazi upepo unajaza vumbi hadi ndani ya sufuria. Lami ikifika, bajaji zinaingia, nauli inashuka, gari la wagonjwa halikwami usiku. Mtu aliyewahi kumbeba mjamzito kwenye pikipiki kupita matope hahitaji kuhubiriwa.

Lakini kilomita moja ya lami inakula mamia ya mamilioni ya shilingi, na kinachoiua ni maji yanayoingia chini yake. Yakikosa pa kupita, ukingo unamegeka, shimo linazaliwa, na baada ya misimu michache mnarudi kwenye vumbi mkiwa mmeshamaliza bajeti. Tena lami huleta mwendo kasi. Mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu wala tuta karibu na shule unageuka uwanja wa mashindano, na wanaogongwa ni watoto wa hapohapo.

Ndiyo maana mimi naegemea mtaro na kalavati kwanza. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, mashamba ya uwele yamekuwa viwanja, na kila kiwanja kina paa la bati na ua uliosakafiwa. Maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi sasa yanakuja barabarani yote kwa pamoja. Bomba lililotosha enzi za vichaka halitoshi leo, hata ukilirudisha mara kumi. Na si lazima kila kivuko kiwe cha zege la gharama: TARURA imejenga madaraja ya mawe Kigoma na kwingineko kwa bei ya chini sana, na Dodoma kama kuna kitu hatujapungukiwa, ni mawe.

Upande huu nao una udhaifu wake, na siasa ndiyo nyepesi kuliko yote (sijaona kiongozi akikata utepe kwenye kalavati). Mtaro ulio wazi, wenye kina cha kimo cha mtoto na usio na mfuniko, ni hatari nyingine tuliyoichimba wenyewe. Mtaro unaoishia nyuma ya nyumba ya jirani wa bondeni umemhamishia tu mafuriko. Lakini linaloniumiza kichwa zaidi ni usafi. Anayejenga mtaro ni TARURA, anayezoa taka ni halmashauri, na mchanga unaoujaza hauna mwenyewe. Hela ya kujenga hutengwa, inatangazwa, inasainiwa mikataba. Hela ya kuzibua kila Novemba, kabla mvua haijaanza, sijui mtaa unaoiona.

Mtaro uliojengwa mtaa wa pili kutoka kwetu sasa umejaa mchanga hadi ukingoni. Mwezi uliopita nilikuta mche wa nyanya umeota katikati yake, una matunda matatu.