Kidole cha Fundi Kina Milimita Ngapi?

Mtu akinunua nusu kilo ya nyama, macho yamemtoka kwenye mizani asipunjwe hata kipande cha mfupa. Mtu huyohuyo akiambiwa diski zake za breki zimekwisha, anauliza, "Umejuaje, fundi?" Fundi anasema, "Nimezipitisha kidole, bosi." Na bosi anaridhika! Kidole chenye grisi tangu Jumatatu, leo ni Alhamisi, ndicho kimetangaza kifo cha chuma.

Kinachoudhi ni kwamba diski yenyewe imeandikwa siku yake ya kufa. Futa vumbi na kutu ukingoni, au kwenye ile kofia ya katikati inayokaa juu ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, utaona MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na tarakimu pembeni. Tuseme 20 mm. Diski ya namna hiyo huenda ilizaliwa na milimita 22, kwa hiyo maisha yake yote duniani ni milimita mbili: moja upande huu, moja upande ule. Ikifika 20, zika. Ikiwa 20.3 na unataka kufunga pedi mpya, vile vibao vinavyoibana diski, zika pia, maana itavuka mpaka hata pedi hazijafika nusu.

Halafu yuko mjuaji mwenye venia yake, ile rula ya taya mbili. Anabana ukingoni, anasoma 22, anapiga makofi: "Mpya kabisa hii!" Mzee, hapo umepima mdomo. Pedi haigusi ukingo, ndiyo maana ukingo umebaki mnene huku ndani kumelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Tafuta maikromita, kile kibanio cha kupimia unene, ingia ndani kama sentimita moja, pima sehemu 6 hadi 8 kuzunguka. Kipimo kinachoamua ni kile kidogo kuliko vyote, si kile kilichokufurahisha.

Na hili neno "diski imepinda"! Usukani ukitetemeka ukikanyaga breki, kila aliyekaa kijiweni, hadi muuza kahawa, atakwambia diski imepinda kwa joto. Mara nyingi haijapinda popote. Imetofautiana unene, na tofauti ya 0.02 mm tu yaweza kutosha pedeli ikupige mguu. Chanzo? Kutu iliyoachwa juu ya habu, diski ikafungwa juu yake kama meza yenye kijiti chini ya mguu mmoja, ikawa inayumba na kulika visivyo sawa. Au kijana aliyekaza nati za gurudumu kwa kurukia spana kwa miguu miwili, nati moja hivi, nyingine vile. Au pedi za moto zimeacha utando wake pale uliposimama. Safisha habu kwa brashi ya waya, funga diski, kaza nati kwa kukingamisha, kisha weka geji ya saa, ile yenye sindano inayoonyesha diski inavyoyumba, uzungushe: kuyumba kusizidi 0.05 mm. Ukiruka hatua hiyo, hata diski mpya itatetemeka baada ya kilomita elfu chache, na utasema feki.

"Basi tukaikereze, bosi, itang'aa." Itang'aa, naam. Mashine ya kukereza haiongezi chuma, inakula. Diski yenye 20.5 ikinyolewa, inarudi inang'aa na iko chini ya kiwango. Sasa iteremshe mlima Kitonga ukiwa umebeba magunia na shemeji wawili. Chuma chembamba hakina pa kuweka joto, joto linahamia kwenye mafuta ya breki, yanachemka, na pedeli inazama hadi sakafuni. Hapo ndipo shemeji wanaanza kusali kwa sauti.

Wengine nao wanabadilisha bure. Gari limelala mvuani, asubuhi diski ina rangi ya chungwa, mtu anatoa pochi. Endesha, kanyaga breki mara tano, kutu imeondoka. Kelele ya juu inayokata masikio ni kibati cha pedi kinachosema pedi zimekwisha, diski hakuitaja. Vimistari vyembamba vya joto juu ya uso si msiba. Ufa unaofika ukingoni, huo ni msiba, hata kama maikromita inasema unene bado upo. Na mfereji unaonasa ukucha utazila pedi mpya.

Haya, umeamua kubadilisha. Badilisha mbili, kushoto na kulia, na pedi mpya. Usilete hesabu za kufunga moja moja kama unanunua viatu vya mguu mmoja. Ya zamani ikigoma kutoka, weka nyundo chini: diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye hesi, pitisha bolti za M8, kaza kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ile mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshe. Pini za kalipa, ile taya inayozibana pedi, zisipoteleza, pedi ya upande mmoja itakwisha mapema na lawama ataibeba muuza spea. Kisha ifundishe kazi: punguza mwendo kwa breki toka kilomita 60 kwa saa hadi 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha ipoe kidogo kila baada ya zamu.

Na zile kuukuu ondoka nazo, hata kama ni za kuegeshea mlango. Ukiziacha gerejini, mwaka kesho utakutana nazo zimekerezwa, zimepakwa rangi ya fedha, unaambiwa, "Bosi, hizi ni mtumba wa Japani."