Mawe ya Kericho na majani yaliyooza

Mwambie mtaalamu wa hali ya hewa kwamba mvua ya mawe ya Kericho huletwa na miguu ya wachuma chai, uone atakavyocheka. Utafiti wa Russell Schnell, mwanasayansi wa hewa na mawingu, umezoeleka kusimuliwa hivyo: mzungu alikuja Kenya, akaokota majani yaliyooza chini ya michai, akawatwika vibarua lawama za mawingu, ati miguu yao hutimua chembe za majani hayo hadi winguni zikazaa mawe. Ni kichekesho kizuri, ila kinamsingizia mtu jambo asilolithibitisha na kuficha lile alilolithibitisha.

Kwanza ile takwimu inayonukuliwa kila mahali. Kericho na Nandi hutajwa kuwa na wastani wa siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Siku 132, zaidi ya theluthi ya mwaka! Wanaoinukuu ni wengi, wanaouliza ilihesabiwaje ni wachache. Wingu la radi huchagua: hulipiga shamba hili likaacha la jirani kavu. Ukihesabu kila siku ambayo mawe yameanguka popote katika eneo pana lenye mashamba mengi, hesabu itapanda. Ukikaa na kipima mvua kimoja, itashuka. Tena Kericho ina macho mengi. Meneja wa shamba la chai huikumbuka vizuri siku ambayo majani mawili na chipukizi lake, yaani fedha yake, yalitobolewa. Kwenye malisho ya ng'ombe nani atashika kalamu? Kwa hiyo mimi huipunguza 132 kadiri ninavyoweza, na bado mawe yanayobaki yanadai maelezo. Tukumbuke pia kwamba takwimu hiyo huhesabu siku. Ukubwa wa jiwe haumo.

Maelezo ya kawaida ni ziwa. Mchana upepo hutoka Ziwa Victoria, hupanda kuelekea mashariki na kukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za Nandi na Mau. Hewa yenye unyevu haina pa kukimbilia ila juu, na alasiri wingu limeshasimama kama mnara. Mji wa Kericho wenyewe uko mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jiwe likishaundwa halina safari ndefu ya kuliyeyusha. Sina ugomvi na maelezo haya. Yanatuambia kwa nini wingu linapanda. Jinsi maji yake yanavyoganda ni swali jingine.

Na maji hayagandi kirahisi. Tone safi ndani ya wingu linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Kuganda kabla ya hapo linahitaji kiini, yaani chembe ngumu ya kushikia barafu ya kwanza. Vumbi la madini hufanya kazi hiyo, lakini mara nyingi hungoja hadi nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kemikali ya iodidi ya fedha, ambayo mwanasayansi Bernard Vonnegut aliigundulia kazi hiyo mwaka 1946, huanza kwenye nyuzi 4 au 5 hivi chini ya sifuri. Mwaka 1972 Schnell na Gabor Vali, wakiwa Chuo Kikuu cha Wyoming, walieleza kwamba mimea inayooza nayo hutoa viini vya barafu, tena vyepesi kuamka, yaani hugandisha maji bila kungoja baridi kali. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba bakteria aitwaye Pseudomonas syringae anaweza kugandisha maji kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Leo bakteria huyo, akiwa amekwisha kuuawa, hutumika kutengenezea theluji bandia kwenye milima ya michezo ya kuteleza.

Makala ya Schnell kuhusu Kericho ilitoka mwaka 1982. Ilionyesha kwamba mabaki ya majani chini ya michai ya Kenya yana viini vya namna hiyo. Hilo lilipimwa. Kwamba viini hivyo hutimuliwa na shughuli za shambani, vikapanda na hewa hadi winguni na kuzaa mawe, ilikuwa dhana. Wacheshi wameichukua dhana wakakitupa kipimo.

Wapinzani wa dhana hiyo wana hoja nzito, na si za kicheshi. Mwaka 2010 mtafiti Corinna Hoose na wenzake walikokotoa kwa modeli ya dunia nzima wakakuta mchango wa chembe za viumbe katika kuanzisha barafu winguni ni mdogo mno. Makadirio yao ya juu kabisa hayakuzidi asilimia 0.6. Lakini huo ni wastani wa dunia. Kericho ni bahari ya mmea mmoja, chini ya hewa inayopanda karibu kila alasiri. Kisha kuna jambo ambalo wanasayansi Hallett na Mossop walilionyesha mwaka 1974: kati ya nyuzi 3 na 8 chini ya sifuri, barafu inayokua kwa kunasa matone hutoa vibanzi, na kila kibanzi ni mbegu mpya. Hapo viini vichache vinavyoamka mapema vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko idadi yao. Hakuna anayepima ukali wa pilipili kwa mizani.

Hoja ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Miaka ya 1960 mashamba ya Kericho yalipambana na mawe kwa roketi za kulipuka, na baadaye ndege zikatumwa kutawanya iodidi ya fedha. Nadharia ya ndege ilikuwa hii: ongeza viini, maji yagawanywe kwa wengi, kila jiwe lipate kidogo na liyeyuke njiani. Kama ni hivyo, majani yaliyooza yalikuwa yakifanya bure kazi ambayo rubani alilipwa kuifanya, na mawe yangepaswa kupungua! Naweza kujibu kwamba 132 ni siku, na mawe madogo yanayofika ardhini mara kwa mara huongeza siku. Ni kiraka, nakiri, na kinavuja.

Hata hivyo ushahidi wa karibuni umeelemea upande wa Schnell kuliko wanavyopenda kukubali wanaomcheka. Mwaka 2014 mtafiti Alexander Michaud na wenzake walichapisha uchunguzi wa mawe ya mvua yaliyoanguka Montana, Marekani. Walitenganisha tabaka zake hadi kwenye kitovu, na humo wakakuta viini vya kibiolojia vinavyogandisha maji bila kungoja baridi kali. Montana haina chai, lakini ina majani yanayooza. Hata Kericho, kabla ya chai ya miaka ya 1920, ilikuwa na misitu, na misitu huoza pia. Anayeilaumu chai peke yake, akiwemo yeyote anayejiona mfuasi wa Schnell, ana deni la kujibu hapo.

Sasa mashamba makubwa yanaingiza mashine za kuchuma, zile zilizochomwa moto katika vurugu za Mei 2023. Kwa maisha ya vibarua ni habari ya uchungu. Kwa dhana ya Schnell ni jaribio lililojileta lenyewe, kwa kuwa mashine hupunguza miguu ya wachumaji: shamba la mashine na shamba la mikono, chini ya wingu lilelile, kila moja na chujio lake la hewa na daftari lake la siku za mawe. Kinachokamatwa kwenye chujio kinachanganywa na maji, matone yanapangwa kwenye sahani, baridi inashushwa polepole, na mtu anakaa akihesabu yapi yameganda yakiwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri.